Yamaha MT-07: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usanifu wake na mabadiliko yake

MT-07 ni pikipiki ya aina gani?

MT-07 ni pikipiki ya barabarani isiyo na kava la mbele, yenye injini ya silinda mbili ya cc 689. Yamaha iliionyesha kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2013 katika maonyesho ya pikipiki ya EICMA mjini Milan, Italia, na ikaingia sokoni mwaka 2014. Ukiitazama kwa ubavu unaona injini, bomba la moshi, rejeta na fremu bila kizuizi. Usukani wake ni mpana na uko juu kiasi, na dereva hukaa wima badala ya kulalia tangi.

Pikipiki za umbo hilo ni nyingi. Hii inastahili maelezo marefu kwa sababu wabunifu wake walichagua mambo machache wakayafanya vizuri, na kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakiirekebisha bila kuipoteza tabia yake. Ilitoka ikiwa na uzito wa kilo 179 pamoja na mafuta na oili, bila ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge dereva anapobana breki); toleo la 2025, lenye ABS, shokapu imara zaidi na vifaa vya kielektroniki ambavyo havikuwapo mwanzoni, lina kilo 183. Ni pikipiki chache zilizopitia kipindi hicho na kanuni zake kali za moshi zikatoka na ongezeko dogo kiasi hicho.

Pikipiki zisizo na kava zilianza lini?

Kwa sehemu kubwa ya historia pikipiki zote zilikuwa hivyo. Honda CB750 ya mwaka 1969, iliyowazoesha wanunuzi wa kawaida injini ya silinda nne na breki ya diski ya mbele, haikuwa na kava lolote. Katika miaka ya 1980 teknolojia ya mashindano ilishuka barabarani, na plastiki za kukata upepo zikawa alama ya pikipiki ya kisasa. Mwelekeo huo ulianza kugeuka mwaka 1989, Kawasaki ilipotoa Zephyr na Suzuki ikatoa Bandit. Mwaka 1992, katika maonyesho ya Cologne nchini Ujerumani, Ducati ikaonyesha Monster, ambayo mbunifu Miguel Galluzzi aliiunda kwa kuchanganya fremu ya pikipiki za michezo za kampuni hiyo na injini rahisi zaidi iliyopozwa kwa hewa.

Hata hivyo, kwa upande wa matumizi, mtangulizi wa karibu zaidi wa MT-07 ni Suzuki SV650 ya mwaka 1999. Hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba injini ya silinda mbili ya ukubwa wa kati, ndani ya pikipiki nyepesi, inaweza kumfaa anayejifunza, anayekwenda kazini kila siku na mzoefu anayependa kona za milimani.

Je, FZ-07 na MT-07 ni pikipiki mbili tofauti?

Hapana. Ni pikipiki moja, ila nchini Marekani iliuzwa kwa jina la FZ-07 hadi mwaka wa modeli wa 2018, ilipopewa jina linalotumika kwingineko. Tofauti ya kweli iko Australia na New Zealand, ambako kuna toleo la cc 655 lililotengenezwa kwa ajili ya madereva wanaojifunza, kwa kuwa sheria za huko zinawawekea mpaka wa cc 660.

Kwa nini injini yake inasifiwa kuliko tarakimu zake?

Tarakimu zenyewe ni za wastani. Toleo la kwanza lilitoa kilowati 55, yaani nguvu za farasi karibu 75, injini ikiwa kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, na nguvu ya msokoto, yaani ya kuzungusha, ya Nm (nyutoni-mita) 68 kwenye mizunguko 6,500. Zipo pikipiki nyingi zenye nguvu kuzidi hiyo. Jibu liko ndani ya krenkishafti, yaani shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko.

Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenkishafti, yaani digrii 720. Mhandisi anayepanga silinda mbili bega kwa bega ana njia tatu kuu za kuziunganisha. Akiweka pistoni zote mbili zipande na kushuka pamoja, milipuko inapishana kwa digrii 360 kila mara na mlio unakuwa sawasawa, kama ilivyokuwa katika pikipiki za zamani za Uingereza. Lakini uzito wa pistoni mbili unaruka juu na chini kwa pamoja na kuleta mtetemo mkubwa. Akizipanga ili moja ipande wakati nyingine inashuka, mtetemo huo unapungua, ila milipuko inapishana kwa digrii 180 kisha 540, na injini inapata msukosuko wa kuyumba upande kwa upande. Yamaha ilichagua njia ya tatu: vikono vya krenkishafti vimeachana kwa digrii 270, hivyo mlipuko wa pili unafuata baada ya digrii 270, na wa kwanza unarudi baada ya 450. Mpangilio huo wa wakati ni uleule wa injini ya V ya digrii 90, ambayo silinda zake mbili zimetanuka kama herufi V, na ndiyo sababu MT-07 inaunguruma kama V ilhali silinda zake zimesimama pamoja.

Faida kubwa zaidi haisikiki kwa masikio. Pistoni inapofika juu kabisa au chini kabisa, husimama kwa kitambo kidogo sana, kisha lazima isukumwe upya hadi kwenye kasi yake kubwa. Kazi hiyo ya kusimamisha na kusukuma hufanywa na krenkishafti. Katika mipangilio miwili ya kwanza pistoni zote husimama kwa wakati mmoja, kwa hiyo krenkishafti hubanwa na kuachiwa ndani ya kila mzunguko, kasi yake ikipanda na kushuka hata kama mkono wa mafuta umetulia. Katika mpangilio wa digrii 270, pistoni moja inaposimama, nyingine iko karibu na kasi yake ya juu. Nguvu inayoachiwa na moja inapokewa na mwenzake, na krenkishafti inazunguka kwa utulivu. Kinachofika kwenye tairi la nyuma ni msukumo wa mwako wenyewe, bila kelele za uzito wa vyuma vinavyopanda na kushuka. Dereva hulihisi hilo anapotoka kwenye kona akifungua mafuta taratibu: pikipiki inajibu kwa kadiri ileile aliyoitaka. Mtetemo unaobaki hupunguzwa na shafti ya kusawazisha.

Wazo hili halikuzaliwa na MT-07. Yamaha ilitumia krenkishafti ya digrii 270 katika TRX850 mwaka 1995. Mwaka 2004, chini ya mhandisi Masao Furusawa, pikipiki yake ya MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, ilipata injini ya silinda nne yenye milipuko isiyolingana kwa sababu hizihizi, na dereva wake Valentino Rossi akatwaa ubingwa wa dunia nayo mwaka huohuo. Mwaka 2009 wazo hilo likaingia katika R1, pikipiki yake ya michezo ya barabarani. MT-07 ndiyo iliyolifikisha kwa mnunuzi wa kawaida, na kwa maoni yangu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko yote.

Na kwa nini inavuta vizuri injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini?

Kipenyo cha kila silinda ni milimita 80 na mwendo wa pistoni ni milimita 68.6. Injini za michezo huwa na silinda pana na mwendo mfupi zaidi ili ziweze kuzunguka kwa kasi kubwa; hapa wahandisi walikubali kupoteza kidogo huko juu ili kupata msukumo wa mapema. Katika matumizi ya kila siku ni nadra dereva kuvuka mizunguko 7,000, kwa hiyo nguvu imewekwa mahali anapoihitaji. Anaweza kuingia mzunguko wa barabara akiwa gia ya tatu, na kutoka bila kulazimika kushusha gia.

Uzito mdogo ulipatikanaje bila kutumia vyuma vya bei ghali?

Fremu ni ya mabomba ya chuma cha kawaida, si alumini. Wepesi ulitokana na kuondoa visivyohitajika. Injini yenyewe ni sehemu ya fremu: inabeba mzigo, kwa hiyo hakuna mabomba yanayopita chini yake kuishikilia. Shokapu ya nyuma imelazwa karibu kabisa na usawa wa ardhi, na mwisho wake wa mbele umefungwa kwenye kasha la injini badala ya fremu. Kwa njia hiyo fremu haihitaji viimarisho vizito sehemu ya nyuma, na nafasi inabaki kwa ajili ya vitu vingine.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 1,400, ambao ni mfupi kwa pikipiki ya ukubwa huu na unaifanya iwe nyepesi kugeuka. Kiti kiko milimita 805 kutoka ardhini. Kipimo hicho pekee hakielezi yote, kwa sababu injini ya silinda mbili ni nyembamba, na tangi pamoja na ncha ya mbele ya kiti vimebanwa pale magoti yanapokaa. Miguu haitanuliwi, hivyo hata mtu asiye mrefu huigusa ardhi kwa urahisi kuliko kwenye pikipiki ya silinda nne yenye kiti cha urefu huohuo.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro gani?

Kasoro iliyotajwa zaidi ni shokapu, na ilitajwa kwa haki. Dereva alipobana breki ya mbele kwa nguvu, shokapu za mbele zilizama haraka, uzito ukakimbilia mbele, na gurudumu la nyuma likabaki jepesi. Alipoachia breki, pua ya pikipiki iliinuka kwa ghafla badala ya kupanda taratibu. Kwenye kona yenye mabonde, sehemu ya nyuma ilidunda na kuendelea kudunda kabla ya kutulia. Chanzo kilikuwa springi laini zikisaidiwa na oili isiyozuia mwendo wa kutosha, na shokapu za mbele hazikuwa na namna yoyote ya kurekebishwa.

Inafaa kuelewa kwamba huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Springi laini zinamfaa mtu mwepesi anayekwenda polepole kwenye barabara za mjini, na shokapu zisizorekebishika ni nafuu kutengeneza. Yamaha iliweka fedha kwenye injini na kuokoa kwenye shokapu. Uchaguzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu mmiliki anaweza kubadilisha springi na oili ya shokapu, lakini hawezi kubadilisha krenkishafti.

Matoleo yaliyofuata yamebadilisha nini?

Toleo la 2018 lilishughulikia lalamiko hilo moja kwa moja. Springi za mbele na nyuma zilifanywa ngumu zaidi, na shokapu ya nyuma ikapewa skrubu ya kurekebisha kasi ya kurudi. Umbo la tangi na taa lilisogezwa karibu na lile la dada yake mkubwa, MT-09, na kiti kikapanuliwa kidogo.

Toleo la 2021 lilisukumwa na kanuni za Ulaya za moshi, Euro 5. Njia za hewa, programu ya upulizaji wa mafuta na bomba la moshi vilipangwa upya. Nguvu ilishuka kidogo hadi kilowati 54, na msokoto hadi Nm 67. Barabarani ni vigumu mtu kuitambua tofauti hiyo. Diski za mbele ziliongezwa kipenyo kutoka milimita 282 hadi 298, usukani ukapanuliwa, na taa zote zikawa za LED. Taa ya mbele ya toleo hilo, yenye alama inayofanana na herufi Y, iligawanya watu. Binafsi naiona ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya muundo wote wa pikipiki hii. Mwaka 2023 ikaongezwa dashibodi ya rangi ya inchi 5 inayounganishwa na simu.

Toleo la 2025 ndilo lenye mabadiliko mengi kuliko yote. Fremu na mkono unaobeba gurudumu la nyuma vimebuniwa upya ili viwe vigumu zaidi. Shokapu za mbele sasa zimegeuzwa, bomba nene likiwa juu na jembamba chini, na kalipa za breki, yaani sehemu zinazobana diski, zimefungwa kwa boliti zinazoingia kutoka nyuma badala ya ubavuni, mpangilio unaozifanya zisipinde zinapobana. Waya wa mafuta umeondolewa: mkono wa dereva unatuma ishara kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua njia ya hewa. Hilo ndilo lililowezesha kuwapo kwa namna tofauti za uendeshaji, pamoja na mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze.

Je, vifaa hivi vya kielektroniki havijaiharibu pikipiki iliyopendwa kwa urahisi wake?

Hofu hiyo ina msingi. Kadiri pikipiki inavyokuwa na sensa nyingi, ndivyo fundi wa kawaida anavyopungukiwa na uwezo wa kuitengeneza bila kompyuta. Lakini injini ya ndani haijabadilishwa katika msingi wake: ni cc zilezile, vipimo vilevile vya silinda na krenkishafti ileile ya digrii 270. Mfumo wa kuzuia utelezi, kwa upande mwingine, ni msaada wa kweli kwenye barabara yenye mvua, hasa kwa injini inayotoa msokoto mapema namna hii. Anayetaka pikipiki yenye waya wa mafuta bado anaweza kutafuta iliyotumika ya kabla ya 2025.

Y-AMT ni nini?

Ni mfumo wa kubadilisha gia bila klachi ya mkono wala pedali ya mguu, ambao Yamaha iliuanza kwenye MT-09 mwaka 2024 na kuuleta kwenye MT-07 ya 2025 kama chaguo. Sanduku la gia ni lilelile la kawaida la gia sita. Kilichoongezwa ni mota mbili ndogo za umeme, moja ikivuta klachi na nyingine ikisukuma gia. Dereva anaweza kuiachia kompyuta ichague gia, au achague mwenyewe kwa vitufe vilivyo upande wa kushoto wa usukani. Uzito unaoongezeka ni kama kilo 3. Utawafaa zaidi wanaokwama kwenye foleni kila siku na wenye matatizo ya mkono wa kushoto au mguu.

Ni pikipiki gani nyingine zinazotumia injini hii?

Upana wa matumizi ya MT-07 unaonekana vizuri zaidi kwa watoto wake. XSR700 imevalishwa umbo la kizamani. Tracer 700, iliyotoka mwaka 2016, ina kioo cha kukinga upepo na mkono mrefu zaidi wa gurudumu la nyuma kwa ajili ya utulivu safarini. Ténéré 700, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ina fremu yake yenyewe, gurudumu la mbele la inchi 21 na shokapu ndefu za njia za vumbi. R7 ya mwaka 2021 ina kava kamili na usukani wa chini, na ndiyo pikipiki moja inayotumiwa na washindani wote katika mashindano ya dunia ya wanawake yaliyoanza mwaka 2024. Kwamba injini moja inapanda mchanga kwenye Ténéré na kukimbia kwenye uwanja wa mashindano ndani ya R7, bila kubadilishwa kwa kiasi kikubwa, ni ushahidi tosha wa ubora wa uamuzi wa mwanzo.

Inalinganaje na washindani wake?

Suzuki SV650 ina injini ya V iliyo laini na ya kuaminika, lakini ni nzito zaidi. Kawasaki Z650 inakaribiana nayo kwa uzito, ila krenkishafti yake ni ya digrii 180 na msukumo wake wa chini hauna uhai uleule. Honda CB650R ina silinda nne na inapendeza ikizungushwa juu, lakini inahitaji kuzungushwa ili itoe chake. Triumph Trident 660 ya silinda tatu ndiyo naiona mshindani mgumu zaidi, kwa kuwa inaunganisha msukumo wa chini na uwezo wa kukimbilia juu.

Jambo la kutazama ni waliokuja baadaye. Honda CB750 Hornet na Suzuki GSX-8S, zote za mwaka 2023, zina injini za silinda mbili zenye krenkishafti ya digrii 270. Kampuni hizo hazikulazimika kwenda njia hiyo. Zimeifuata kwa sababu inafanya kazi.

Inamfaa anayeanza?

Inamfaa, kwa sharti la tahadhari. Ulaya, mwenye leseni ya A2, ambayo ni ya hatua ya kati kabla ya leseni kamili, anaruhusiwa kuiendesha ikiwa imepunguzwa hadi kilowati 35, kisha kuiachia nguvu zake zote anapopata leseni kamili. Wepesi na kiti chembamba vinamsaidia mgeni. Kinachoweza kumshtua ni msokoto wa mapema: akifungua mafuta kwa pupa katika gia ya kwanza, gurudumu la mbele linaweza kunyanyuka. Anayejifunza kwenye matoleo yasiyo na mfumo wa kuzuia utelezi azoee kwanza kusogeza mkono wa mafuta kidogo kidogo.

Inafaa kwa safari ndefu?

Kwa kiasi. Tangi linachukua lita 14, na Yamaha inataja matumizi ya lita 4.2 kwa kilomita 100, kiasi ambacho kwa hesabu kinafikisha kilomita zaidi ya 300. Kwa usalama ni vyema kutafuta kituo baada ya kilomita 230 au 250. Upepo ndio tatizo. Juu ya kasi ya kilomita 110 kwa saa, kifua cha dereva ndicho kioo, na shingo huchoka. Kioo kidogo cha ziada husaidia kidogo. Anayesafiri mbali kila mwezi anunue Tracer.

Matunzo yake ni magumu?

Si magumu. Oili hubadilishwa katika kilomita 1,000 za kwanza na baadaye kila kilomita 10,000, ingawa anayeendesha kwenye joto na foleni atakuwa amefanya vyema akiharakisha. Nafasi za valvu hukaguliwa kwa mara ya kwanza katika kilomita 40,000. Kinachosahaulika ni cheni. Injini hii huvuta kwa mapigo yasiyolingana, na cheni iliyolegea hugeuza kila pigo kuwa mshtuko unaosikika kama kugonga unapofunga na kufungua mafuta katika mwendo wa polepole. Wengi hudhani sanduku la gia lina hitilafu, kumbe ni cheni inayohitaji kukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Baada ya kukaza, zungusha gurudumu la nyuma na upime sehemu kadhaa, kwa maana cheni hailiki sawasawa urefu wake wote, na sehemu iliyokaza zaidi ndiyo ya kufuatwa.

Nikinunua iliyotumika, nichague toleo lipi?

Kama bajeti ni ndogo, chukua ya 2014 hadi 2017 na utenge fedha za springi mpya za mbele na shokapu bora ya nyuma; ukishafanya hivyo utakuwa na pikipiki yenye tabia nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Toleo la 2018 hadi 2020 ndilo ninalompendekezea mnunuzi wa kawaida, kwa sababu shokapu zake zinatosha jinsi zilivyo. Ya 2021 na kuendelea ina breki bora. Kwa lolote utakalochagua, piga magoti ukague sehemu ya chini ya injini na viungo vya bomba la moshi, kwa kuwa kutokuwa na kava kunaviacha wazi kwa mawe na maji, na kutu huanzia hapo. Kisha washa injini ikiwa baridi: mlio unaokwenda kwa mapigo mawili ya karibu na pengo ni wa kawaida kabisa, lakini mlio mkavu wa kugongana kutoka sehemu ya juu, usiopungua injini ikishapata joto, unahitaji fundi aitazame kabla ya kulipa.